Asali Isiyoganda

Asali ile haikunukia maua. Ukiifungua chupa na kuisogeza puani, ilinukia magome yaliyolowa, mkate uliokaribia kuungua, na kwa mbali tende zilizokaa sana kwenye kopo. Ilikuwa nyeusi. Ukiiweka dirishani mwanga ulipenya kwa shida, ukatokea upande wa pili na wekundu wa chai iliyochemka kupita kiasi. Utamu wake haukukimbilia ulimi kama wa asali nyingine. Ulikuja taratibu, na uchungu kidogo na chumvi kidogo, halafu ukakaa kooni muda mrefu baada ya kijiko kuoshwa. Haya yote leo nayajua kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini mwaka ule niliyajua kwa sababu nyingine kabisa. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nikiishi na bibi mzaa baba katika mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, na chupa ile ndiyo kitu pekee alichoniachia mama alipovuka ziwa.

Mama aliitwa Butoyi, jina la pacha wa pili. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru, na huyo Bukuru ndiye mjomba wangu. Walizaliwa milimani, upande wa Bugarama, katika ukoo wa wafuga nyuki. Mama aliposhuka mjini kuolewa na baba alisilimu akaitwa Mariamu, na mtaa mzima ukamzoea kwa jina hilo, isipokuwa mjomba ambaye mpaka leo hajawahi kulitamka. Baba alikufa nikiwa bado nanyonya. Mama akabaki kwa mama mkwe wake, akiuza mawese sokoni, na kila jioni aliporudi na mikono myekundu ya mafuta alisema kwamba ng'ambo, kule Baraka ya Kongo, mawese yana soko na vitenge ni rahisi, na kwamba anayebaki Rumonge kusubiri wachuuzi wamletee vitenge ni mtu asiyependa maisha yake. Bibi alikuwa akimsikiliza bila kujibu, akichambua mchele. Bibi hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa maneno machache, na nyumba yenye mtu wa maneno machache inahitaji mwingine wa kuongea. Huyo alikuwa mama.

Kwao mama kuna desturi ambayo sijaikuta kwingine. Mtu anayesafiri mbali haagi kwa mdomo mtupu. Anaacha asali mpya kwa yule anayebaki, anamkabidhi mkononi mbele ya watu, na kusema kwamba atarudi kabla haijaganda. Asali ya maua ya milimani huganda. Huanzia chini ya chombo, punje ndogondogo kama za chumvi, kisha weupe unapanda siku baada ya siku mpaka chupa nzima inakuwa kama samli ya asubuhi. Ikiganda na msafiri hajarudi, watu wa nyumbani hawana ruhusa ya kukaa. Hawaulizi kama ana sababu au hana. Mmoja wao anafunga mzigo na kumfuata aliko, hata ikiwa ni kwenda kuonyeshwa kaburi. Lakini maadamu haijaganda hakuna anayehangaika, kwa kuwa msafiri bado yumo ndani ya ahadi yake, na kumfuata mtu aliye ndani ya ahadi yake ni kumtukana.

Aliondoka mwisho wa mvua, asubuhi, kwa boti ya mbao iliyojazwa bidoni, madumu ya mawese, hadi ukingoni. Bibi alikuwepo, pamoja na majirani waliokuja kusindikiza. Mama alikuwa amepanda milimani siku chache kabla kumuaga pacha wake, na huko ndiko alikoitoa asali. Alinikabidhi chupa kwa mikono miwili, chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya siki, imezibwa kwa gunzi la hindi.

"Zaituni, shika muzuri," aliniambia. "Nitarudi mbele igande."

"Na ikiganda?"

"Haitaganda, mama. Usiogope."

Aliniita mama, kama tunavyowaita watoto wa kike tukitaka kuwabembeleza. Nilifurahi mno kuitwa hivyo mbele ya watu, nikasahau hata kulia. Boti ikawasha mashine, ikajitenga na gati, na mama akageuka kupanga bidoni zake ambazo zilikuwa zimeanza kuteleza. Nilimwona mgongo tu mpaka nisimwone tena.

Kiangazi kikaingia. Mtu asiyeishi kwenye ufuko huu hajui ukatili wake mmoja mdogo, kwamba ng'ambo inaonekana. Asubuhi nyingine moshi wa kuchoma mashamba unafunika ziwa lote, lakini upepo ukivuma, milima ya Kongo inasimama mbele yako na makorongo yake, karibu sana, hata unadhani ukipiga kelele kuna mtu atageuka. Nilikuwa nikitoka shule napitia ufukweni, pale wanawake wanapoanika ndagala, vile visamaki vidogo, mchangani, nakaa mwisho wa safu ya mikeka naitazama milima ile. Sikuwa najua Baraka iko sehemu gani yake. Nilichagua korongo moja lenye kivuli cha buluu nikaamua kwamba mama yuko hapo. Nilipokuja kuvuka mwenyewe, miaka mingi baadaye, niligundua kwamba kwenye korongo lile hakuna hata nyumba.

Kilichoniuma zaidi ni nywele. Alasiri za Ijumaa wasichana wa mtaani walikaa barazani, kila mmoja kati ya magoti ya mama yake, wakisukwa na kulalamika kwamba wanavutwa. Vidole vya bibi vilikuwa vimekakamaa, hakuweza kusuka, kwa hiyo akanipeleka kwa kinyozi nikanyolewa kama mvulana. Hakukuwa na ubaya ndani yake, alitaka niwe safi. Lakini Ijumaa zile sikuwa na pa kukaa. Nilijaribu kucheza na wavulana, wakaniambia mimi msichana. Nikarudi ndani, nikachukua chupa yangu kutoka chini ya kitanda, nikakaa nayo.

Niliiogopea sana. Kiangazi cha Rumonge si cha baridi, ila alfajiri mawese huanza kushika; ukitikisa bidoni unasikia mafuta yakibingirika mazito, na wauzaji wanayaweka karibu na moto kidogo ndipo yamiminike. Kila alfajiri nilipoona mafuta ya bibi yameshika, nilikimbilia chupa yangu kuiinamisha. Ilikuwa inatiririka. Hata hivyo sikujiamini. Nikaanza kuipasha joto. Mchana niliiweka dirishani kwenye jua, na jioni niliisogeza karibu na jiko. Wakati wa kulala niliifunga kwenye kitenge cha mama nikaikumbatia tumboni. Bibi akaniona.

"We mutoto, iyo chupa utaivunja, na vioo vitakukata."

"Naipa joto isigande."

Bibi alikuwa mtu wa mjini, asali aliijua ya kununua kikombe kwa kikombe, na mambo ya desturi za milimani aliyasikia kwa mkwewe tu. Akasema, "Basi ifunge vizuri," akaniongezea khanga yake kuukuu juu ya kile kitenge. Sikumbuki kama aliwahi kunikumbatia, lakini khanga ile naikumbuka hadi mstari wake wa ukingoni.

Katikati ya kiangazi mjomba alituma kopo la asali ya mavuno mapya, ya maua, rangi ya dhahabu. Bibi alikuwa akiilia mhogo asubuhi. Haikuchukua muda punje zikaonekana chini ya kopo, na kabla kopo halijafika nusu ilikuwa imeganda yote, kijiko kinasimama chenyewe. Nilikwenda nikaleta chupa yangu, nikaiweka kando ya kopo, nikainamisha. Asali nyeusi ikateremka taratibu kwenye kioo. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko ile ya kopo na bado ilikuwa hai! Nilimwonyesha bibi, nikawaonyesha wasichana wa barazani na mama zao, nikamwonyesha hata mwalimu. Niliwaambia mama yangu ameishika kutoka ng'ambo. Wote walikubali, maana ungemwambia nini mtoto wa namna ile. Nikifikiria siku hiyo hata leo natamani kuingia ndani ya kumbukumbu nimshike yule mtoto mkono nimtoe pale barazani, kwa sababu hakuna siku niliyokuwa peke yangu kama ile niliyofurahi vile.

Vakansi, likizo ndefu ya shule, ilipofika bibi akanipeleka milimani kwa mjomba, na chupa yangu ndani ya kapu. Tulipanda gari hadi mahali barabara inapoishia, tukamalizia kwa miguu. Mjomba alikuwa hana mke wakati ule, nyumba yake ilinukia moshi na nta, na mwituni nyuma ya nyumba, kwenye miti ya miyombo, alikuwa ametundika mizinga yake. Aliisuka mwenyewe kwa mianzi, akaikandika kwa samadi ya ng'ombe, akaifunika kwa majani makavu ya migomba. Alikuwa mtu mrefu mwenye masikio yaliyochomoza, sawasawa na ya mama, na mara ya kwanza alipoinama kupita mlangoni nilishtuka kwa namna alivyofanana naye. Nilimfuata kila mahali kwa sababu ya masikio yale.

Asubuhi moja alinichukua mwituni mapema, umande haujakauka. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, hakuna ua lililochanua, nyasi zote zimekauka hadi kwenye shina, lakini miti ilikuwa inavuma. Nyuki walikuwa juu ya majani. Mjomba alivuta tawi chini akanionyesha. Kwenye machipukizi mekundu walikuwa wamejipanga vidukari, wadudu wadogo kuliko kichwa cha pini, wamezamisha midomo kwenye maji ya mti, na nyuma ya kila mmoja kilining'inia kitone kinachong'aa. Wanakunywa utamu mwingi kuliko wanavyohitaji, mjomba alisema, na ule uliozidi wanautoa. Matone yanaangukia majani ya chini, yanayapaka kama mtu aliyepaka gundi. Nilishika jani, vidole vikanata. Nikalamba. Ladha nikaijua papo hapo, maana nilikuwa nikiilamba kwenye gunzi la chupa kila siku.

"Mwaka maua yakiwa mengi, nyuki hawaangaliake haya majani," mjomba aliniambia. "Wako na kiburi. Maua yakikosa, wanakuja kulamba apa, asubuhi, mbele jua likaushe. Wanafanya ubuki. Mweusi."

Alikuwa akiuvuna ubuki huo, yaani asali ile nyeusi, miaka michache tu kati ya mingi, na haukumpa faida. Akiushusha sokoni watu walikataa. Walisema mzee huyu amekaanga sukari akachanganya, walisema amechovya makaa, na mwanamke mmoja alimrudishia akiwa ameshaulamba nusu. Kwa hiyo aliacha kuuza. Aliuweka kwenye ndoo nyuma ya mlango, na majirani walikuja na vikombe kuomba. Ulipewa mtu mwenye kikohozi, ulipakwa kwenye kidonda kisichopona, na mwanamke aliyejifungua alitiliwa kwenye uji wa ulezi mpaka damu irudi mwilini. Mjomba mwenyewe aliula na mhogo wa kuchoma, akisema wa maua ni kwa watu wenye meno ya watoto. Nilicheka, halafu nikasema mimi pia ninao wangu, na tuliporudi nyumbani nikautoa kwenye kapu.

Alikuwa ameketi mlangoni akinoa kisu. Aliichukua chupa akaitazama, akaiinamisha upande huu na upande ule, akatoa gunzi akanusa. Kisha akaweka kisu chini.

"Iyi umeitosha wapi?"

"Mama alinipa. Siku ya kuondoka. Alisema atarudi kabla haijaganda."

Aliingia ndani, akatoka na chupa nyingine, ya ukubwa uleule, akaiweka chini kando ya yangu. Ilikuwa imeganda yote, nyeupe hadi shingoni.

"Iyi nilimuwekea mimi, apa karibu na mulango," alisema. "Ya maua. Nilimwambia, Butoyi, asali yako ya kuacha iyi. Asubuhi ameshaenda, naikuta iko palepale. Nikasema amesahau." Akagusa chupa yangu kwa ncha ya kidole. "Iyi iko ya majani, Zaituni. Ya majani haigandake. Unaweza kukala nayo mpaka uzeeke."

Nilimuuliza kama mama alijua. Akaniambia mama alizaliwa ndani ya nyumba hii, alikamua masega kabla hajajua kutembea vizuri, angeweza kutofautisha asali hizi mbili akiwa amefumba macho. Hakulainisha, na sasa namshukuru kwa hilo. Sikulia mara moja. Nilitazama ile chupa nyeupe, nikaanza kuhesabu kwa namna yangu ya kitoto: kama angechukua hii, leo ingekuwa imeganda, na kama imeganda, mtu angemfuata. Nikamwambia mjomba, twende tumfuate basi.

"Asali haijaganda," alinijibu.

"Lakini umesema haitaganda!"

"Haijaganda," alirudia, akaokota kisu chake. Akaendelea kunoa. Nilimchukia wakati ule, kwa kuwa nilidhani ni uvivu. Ilinichukua nusu ya umri wangu kuelewa kwamba naye alikuwa ameachwa, tena na mtu aliyekaa naye tumbo moja, na kwamba dada yake alikuwa amemwambia kwa chupa ile, usinifuate. Alikuwa na hasira, na desturi ilimpa mahali pa kuificha.

Siku zilizobaki za vakansi niligeuza kazi yangu yote. Mimi niliyekuwa nikiipa asali joto, nikaanza kuitafutia baridi. Niliilaza kwenye chemchemi chini ya mgomba, ambako maji yalikuwa ya kukata vidole. Niliiacha nje kwenye ukungu wa alfajiri. Nilipoona haisikii, nikachota kijiko cha ile iliyoganda nikakitumbukiza ndani, kwa kuwa nilimsikia mjomba akisema asali iliyoganda huifundisha nyingine kuganda. Punje zilizama polepole hadi chini, zikakaa pale siku kadhaa, weupe mdogo kwenye giza, na mimi nikilala kifudifudi nikizitazama. Ganda, niliiambia. Ganda tafadhali. Asubuhi moja nikaikuta imezimeza zote. Nilirudi Rumonge na chupa yangu nyeusi, nywele zimeanza kuota, na sikuwaonyesha watu tena.

Habari zilikuja kidogo kidogo miaka iliyofuata, zikiletwa na wachuuzi. Mama yuko hai. Mama ana duka la vitenge Baraka. Mama ameolewa. Mama amepata mtoto wa kike. Bibi alizipokea akichambua mchele, na siku moja akaniambia ghafla, bila kuulizwa, "Mimi siendi popote." Baada ya hapo alikufa, kama watu wote wanavyokwenda, na nyumba ikawa yangu.

Nimekuwa mwanamke mwenye butiki ndogo karibu na stendi, mahali makonda wanapoita abiria wa Buja tangu alfajiri. Nanunua asali kwa wafugaji wa milimani, nachuja, naweka kwenye chupa. Na dunia ina maskhara yake, kwani ile nyeusi iliyomrudisha mjomba na aibu kutoka sokoni sasa ndiyo inayoulizwa zaidi. Wateja wanakuja na gari kutoka Bujumbura, wanainusa wakiwa wamefumba macho, wanasema ni dawa, haina utamu wa kuchosha, haigandi. Haigandi, wananiambia mimi! Nawajibu ndiyo, haigandi, nawafungia. Shida ni kwamba haipatikani. Miyombo mingi imekwenda kwenye makaa, pengine pamepandwa michikichi, na vidukari hawakai kwenye kisiki. Mjomba amezeeka, mizinga yake anaipandia mitini kwa maneno tu siku hizi, na mwaka mwingine ananiletea chupa moja, mwaka mwingine hakuna. Ile ya mama ipo rafuni juu ya kitanda changu. Nimekataa kuiuza na nimekataa kuila.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, aliingia dukani mwanamke kijana, mrefu, amebeba mfuko. Masikio yalimtangulia. Nilikaa kitini kabla hajafungua mdomo.

"Amahoro, dada," alisema. "Mimi ni Mwamini, wa Baraka. Mama amekufa."

Nilimpa maji. Nilimkaribisha nyumbani, nikampikia, na baada ya kula nikamuuliza lile nililolibeba tangu mlangoni kwa mjomba, kwa nini mama alichagua ile nyeusi. Mwamini alisema mama alikuwa akienda bandarini kila boti ya Rumonge ikifika, anauliza watu, "Asali ya mutoto yangu imeganda?" Watu walimwona mgonjwa wa akili kidogo. Hakuna aliyejua asali gani, wakamwambia hawajasikia. Ndipo anarudi dukani akisema, "Basi sijachelewa."

"Mara moja nilimuuliza mbona haendi," Mwamini aliendelea. "Akasema alijua toka mwanzo atakawia. Alitaka kupata duka kwanza, akuite wewe ufike. Alichukua asali ya kukawia ili usimuone ni mwongo. Halafu miaka ikapita, akaogopa. Alisema kama ingekuwa ile ingine, mungekuja kumukamata, angerudi."

Niliondoka mezani nikaenda uani. Nilimlilia mama pale, kwa hasira, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Kumbe alikuwa akitungoja tumfuate. Yeye upande ule anauliza kama imeganda, mimi upande huu nailaza kwenye chemchemi igande, na mjomba mlimani ananoa kisu. Watu watatu wamekaa wanatazama chupa moja. Mtoto hahitaji mama asiyeonekana mwongo. Mimi ningempokea mwongo, mchelewaji, na mwenye deni, mradi tu aje anisuke nywele.

Mwamini alikaa nami wiki chache. Nilimpeleka kwa mjomba, naye akamshika masikio kwa mikono yote miwili, akamwita Butoyi, na hatukumsahihisha. Siku ya kuondoka kwake, kwa kuwa huko ana watoto wake na lile duka, nilitoa asali mbili nikaziweka mezani, nyeusi na ya dhahabu. Nikamweleza desturi yote, nikamweleza ipi inaganda na ipi haigandi, nisije nikamtega. Kisha nikamwambia achague ya kuniachia. Hakufikiri. Alichukua ya dhahabu, akanikabidhi kwa mikono miwili pale bandarini, kati ya bidoni na wachuuzi.

"Nitarudi mbele igande," alisema, na akaona haya kidogo, kama mtu anayevaa nguo ya mwingine.

Ananipigia simu. Anasema mtoto wa pili ana homa, boti ni chache, mzigo wa vitenge umekwama. Namsikiliza na kumwombea heri, na sina kinyongo naye hata kidogo. Ila juzi asubuhi niliiinamisha ile chupa nikaona chini yake punje, ndogondogo kama za chumvi. Leo weupe umepanda upana wa kidole. Desturi ya kwao mama haisemi piga simu, wala haiulizi kama mtu ana sababu. Nimemwachia jirani ufunguo wa butiki, na nauli nimeshalipa. Kapuni nimeweka ile nyeusi ya zamani, nikaimimine kaburini kwa mama, maana imekaa vya kutosha. Boti ya Baraka inaondoka kesho.